Filimbi ya bati: kiwanda, fundi na dakika kumi za mwisho

Kwa kawaida hapa tunaongea msimbo, simu na tarakilishi. Leo naomba mnivumilie niongee juu ya kifaa kisicho na betri, kisicho na skrini, na ambacho hakijawahi hata siku moja kuniomba nikisasishe: filimbi ya bati. Bomba moja, matundu sita, kichwa cha kupulizia. Basi.

Na bado sijaona kifaa kinachoeleza vizuri zaidi ubishi ambao sisi watu wa programu tunabishana kila siku. Ukishanunua kitu, ukiache kama kilivyotoka kiwandani, au ukichokonoe?

Wapigaji wa filimbi hii wana kambi zao. Kuna wanaosema filimbi ya kiwandani inatosha, tatizo ni pumzi yako, nenda ukafanye mazoezi. Kuna wanaosema filimbi za kiwandani ni takataka mpaka fundi azipitie kwa mkono. Na kuna wale wenye pesa, wanaoruka ubishi wote na kuagiza filimbi iliyotengenezwa na fundi mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho.

Mimi nasema hivi: nunua ya kiwandani, ya bei rahisi, kisha umalizie mwenyewe. Lakini kuna masharti, na masharti ndiyo habari yenyewe.

Ilikotoka

Mwaka 1843, Mwingereza mmoja wa kijiji cha Coney Weston, wilaya ya Suffolk, jina lake Robert Clarke, alianza kutengeneza filimbi kwa bati jembamba. Alikuwa mfanyakazi wa shamba, wala si profesa wa muziki. Alikata bati, akalikunja likawa bomba linalopungua upana kuelekea chini, akatoboa matundu sita, akaziba juu kwa kipande cha mti na kuacha mwanya mwembamba wa kupitishia pumzi. Baadaye akahamia upande wa Manchester, mji wa viwanda, na biashara ikashika.

Aliyewahi kupita Kamukunji pale Nairobi hahitaji maelezo marefu. Wale mafundi wa jua kali wanaogonga mabati kutwa nzima wakitoa majiko, masanduku na makarai wangeielewa filimbi ya Clarke kwa kuitazama mara moja. Ni ndugu ya koroboi. Filimbi za Clarke za muundo huo, bati lililokunjwa na kizibo cha mti, zingali zinauzwa hadi leo.

Ubora wake mkubwa ulikuwa bei. Waingereza waliiita filimbi ya peni. Mtoto wa mfanyakazi wa kiwandani, ambaye hangegusa kinanda maishani mwake, aliweza kuwa na ala ya muziki mfukoni. Shikilia jambo hilo la bei, tutalirudia.

Baadaye wakaja wengine. Kule Birmingham zikatoka filimbi za Generation, ambazo bomba lake ni nyoofu, la shaba ya manjano au lililopakwa nikeli, na zikaishia kuwa na kichwa cha plastiki. Ireland, ambako filimbi hii imeota mizizi kuliko kwingine kote, wakaanza kutengeneza za kwao aina ya Feadóg mwaka 1978. Mwaka uliofuata, 1979, Mary Bergin alitoa albamu yake Feadóga Stáin, jina ambalo kwa lugha ya Kiairishi ni hilo hilo, filimbi za bati. Kuanzia hapo hakuna aliyeweza tena kusema kwamba hiki ni kichezeo cha watoto.

Kichwa ndicho kila kitu

Ili uelewe watu wanachokonoa nini, lazima kwanza ujue sauti inatoka wapi. Haitoki kwenye matundu. Matundu yanachagua tu sauti ipi isikike. Inazaliwa kwenye kichwa.

Chukua chivoti ya Wadigo, ile filimbi ya kupulizwa kwa ubavu. Pale mpigaji anakunja midomo mwenyewe na kuutuma mkondo wa hewa ukagonge ukingo wa tundu. Midomo ikikaa vibaya, hakuna sauti, ni upepo mtupu. Ndiyo maana mwanafunzi wa filimbi za aina hiyo huchukua siku kadhaa kabla ya kutoa hata noti moja safi. Lakini akishajua, anaweza kuirekebisha sauti papo hapo kwa kusogeza midomo kidogo.

Filimbi ya bati imekuondolea kazi hiyo. Ndani ya kichwa kuna mfereji mwembamba unaochukua pumzi yako, unaibana iwe kama utepe, kisha unaurusha ule utepe wa hewa uvuke dirisha dogo na kugonga makali yaliyo upande wa pili. Hewa inapiga makali, inacheza juu na chini haraka sana, na hewa iliyomo ndani ya bomba inaitikia. Mtoto wa miaka sita akipuliza, inalia. Ajabu kubwa, na bei yake ni ya chakula cha mchana.

Lakini angalia kilichotokea. Yale maamuzi yote ambayo mpiga chivoti anayafanya kwa midomo yake (unene wa mkondo, mwelekeo wake, umbali wake na makali) kwenye filimbi ya bati yamefanywa na kiwanda, mara moja, na kugandishwa kwenye plastiki. Kwa lugha yetu, hiyo ni mipangilio ya kiwandani, na sehemu ya kuibadilisha haipo. Kiwanda kikikosea kwa unene wa karatasi, kosa hilo litakuwemo katika kila pumzi utakayopuliza.

Kwa nini kiwanda hakimalizi kazi?

Si kwa sababu ya uvivu. Tuwe waadilifu kidogo.

Kichwa cha plastiki hutengenezwa kwa kumimina plastiki ya moto ndani ya kalibu ya chuma yenye vipande vinavyokutana. Kalibu ikichakaa, vipande havifungi sawasawa, na plastiki inachungulia pale kwenye maungio. Matokeo yake ni vinyuzi na vijikingo vidogo, mara nyingine ndani ya mfereji wenyewe au kwenye makali. Jicho halivioni kwa urahisi, lakini mkondo wa hewa unaviona.

Tena kuna jambo la pili. Plastiki ikiwa nene mahali pamoja na nyembamba pengine, ile sehemu nene husinyaa na kubonyea inapopoa. Wahandisi wanalijua hilo, kwa hiyo hujitahidi kuta zote ziwe na unene unaolingana. Ndiyo maana vichwa vingi vya filimbi vina uvungu chini ya sakafu ya mfereji. Ukigeuza kichwa na kuchungulia utauona. Uvungu huo umewekwa ili plastiki ipoe vizuri. Kwa upande wa muziki, ni chumba cha ziada ambacho hakuna mpigaji aliyekiomba.

La tatu ni gundi. Kwenye filimbi nyingi za kawaida, kichwa kimegandishwa kwenye bomba. Kwa kiwanda ni salama, hakianguki. Kwa mpigaji ni balaa, kwa sababu urefu wa bomba ndio unaoamua filimbi inalia juu au chini kiasi gani, na hewa haikai hali moja. Sauti husafiri haraka zaidi kwenye hewa ya joto, kama mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Hesabu ndogo: hewa ndani ya bomba ikiwa nyuzi 20, na siku nyingine nyuzi 30, filimbi ile ile inapanda kwa karibu theluthi moja ya nusu toni. Pumzi yako huipasha filimbi moto na kupunguza tofauti hiyo, lakini haiiondoi yote. Ukitoka Limuru asubuhi ya baridi ukashuka Mombasa kupiga pamoja na kinanda cha umeme, ambacho hakijali joto, masikio ya watu yatakwambia. Dawa yake ni kuvuta kichwa nje milimita chache tu, kama 5 kwa nyuzi 10 kwenye filimbi ya D. Lakini utavutaje kitu kilichogandishwa?

Sasa jiulize: kwa nini kiwanda kisiajiri mtu wa kupitisha wembe kwenye kila kichwa, kuziba uvungu, kulegeza gundi na kuijaribu? Kwa sababu dakika kumi za mkono wa fundi Ulaya zinaweza kugharimu sawa na filimbi yenyewe au zaidi. Kwa bei za leo, filimbi ya kawaida ya kiwandani huuzwa huko nje kwa dola kama 10 hadi 20. Iliyopitiwa na fundi inaweza kufika mara mbili au tatu ya hiyo. Iliyotengenezwa kwa mkono tangu mwanzo hupita dola 100 bila kuona haya.

Kiwanda kimefanya asilimia kubwa ya kazi kwa bei ya kutupa, kikasimama pale ambapo mashine haiwezi kuendelea bila mtu. Dakika kumi za mwisho kimetuachia sisi. Ile filimbi ya peni ingekuwa kamilifu, isingekuwa ya peni.

Wachokonozi wanafanya nini hasa?

Hakuna uchawi. Haya ndiyo marekebisho yanayofanywa zaidi, kuanzia jepesi hadi la hatari:

1. Kuosha. Matone ya mvuke hukusanyika kwenye mfereji na kuziba pumzi katikati ya wimbo. Tone la sabuni ya vyombo likipitishwa kwenye mfereji na kuachwa likauke hufanya maji yatandazike badala ya kusimama kama shanga. Kuipasha filimbi mfukoni kabla ya kupiga husaidia pia.

2. Kuziba uvungu. Unachukua ile gundi laini ya kubandikia mabango ukutani, aina ya Blu-Tack, unaujaza ule uvungu chini ya mfereji mpaka uwe sawa na sakafu, bila kugusa dirisha. Mara nyingi noti za juu hutulia. Isipokufaa, unaitoa na filimbi inarudi kama ilivyokuwa.

3. Kulegeza kichwa. Maji ya moto, si yanayotokota, kwa muda wa dakika moja hivi. Shika kwa kitambaa, zungusha polepole. Gundi ikiachia, kichwa kinateleza, na sasa una filimbi inayoweza kulinganishwa na ala nyingine.

4. Tepu juu ya tundu. Noti moja ikilia juu kuliko inavyotakiwa, unafunika sehemu ndogo ya ukingo wa tundu lake kwa selotepu. Inashuka.

5. Kubonyeza paa la mfereji. Hii ni kwa zile za bati la kukunjwa kama za Clarke, ambazo hula pumzi nyingi. Watu hulibonyeza bati la juu taratibu ili mwanya upungue. Sauti inakuwa na upepo mdogo.

6. Wembe na msasa. Kuondoa vinyuzi vya plastiki kwenye mfereji na kunyoosha makali.

7. Tupa. Kupanua tundu ili noti ipande.

Umeona mpangilio wake? Nne za kwanza unaweza kuzifuta kesho asubuhi. Ya tano, labda. Mbili za mwisho hazina njia ya kurudi. Tepu hubanduka, lakini tupa ikishakula shaba imekula. Kila mwandishi wa programu anaijua tofauti hii: kuna badiliko unaloweza kulirudisha nyuma kwa amri moja, na kuna kufuta hifadhidata ya wateja siku ya Ijumaa jioni.

Wapo waliofanya kazi hii kuwa riziki. Kule Marekani, Jerry Freeman amejijengea jina kwa kuchukua filimbi za bei rahisi, kuzirekebisha vichwa moja baada ya nyingine, na kuziuza zikiwa tayari. Sioni ubaya wowote. Fundi anauza masikio yake na muda wake, na mtu asiyetaka kushika wembe anapata filimbi nzuri kwa bei iliyo chini sana ya ile ya kutengenezwa kwa mkono tangu mwanzo. Mwenye uwezo na anunue.

Somo la kusini

Kabla hujakimbilia wembe, kuna hadithi nyingine, na hii ni ya bara letu.

Miaka ya 1950, vijana wa mitaa ya Johannesburg walikuwa wakipiga filimbi za bei rahisi pembeni mwa barabara. Nyingi zilikuwa za kampuni ya Hohner ya Ujerumani, za chuma kitupu bila kichwa cha plastiki. Kutoka hapo ukazaliwa muziki wa kwela. Spokes Mashiyane alirekodi Ace Blues mwaka 1954 akawa nyota. Mwaka 1958 wimbo Tom Hark wa kundi la Elias Lerole ulifika nafasi ya pili kwenye chati za Uingereza. Yaani filimbi ya Mzungu ilirudi kwao ikiongea Kiafrika, na wakainunua.

Ukisikiliza filimbi ya kwela, sauti ni nene, ina mikwaruzo, inateleza kutoka noti hadi noti. Filimbi iliyopulizwa kama ilivyokusudiwa na kiwanda hailii hivyo. Vijana wale waliizungusha filimbi mdomoni, ikakaa mshazari, ili midomo ifunike sehemu ya dirisha. Kwa kufanya hivyo walirudisha kwenye midomo yao ule uamuzi ambao kiwanda kilikuwa kimeugandisha. Hapo hapana wembe, hapana tupa. Anayetajwa mara nyingi kama mwanzilishi wa ushikaji huo ni Willard Cele, aliyeonekana akipiga filimbi katika sinema The Magic Garden ya mwaka 1951.

Hili ndilo jibu langu kwa wachokonozi wenye pupa. Badiliko la kwanza na la bei rahisi kuliko yote liko kwa mpigaji. Vijana wa Johannesburg hawakuingoja Ujerumani iwatengenezee filimbi bora. Waliijua iliyokuwepo mpaka ndani, wakatafuta pembe ambayo mtengenezaji hakuiwazia.

Lakini pia ni jibu kwa wale wa kambi ya "iache ilivyo". Vijana wale hawakuiacha ilivyo hata kidogo. Walikataa kuitumia kama walivyoelekezwa.

Hoja za wapinzani

Najua mtasema. Hoja ya kwanza: kuchokonoa ni kisingizio cha kukwepa mazoezi. Kuna ukweli hapo. Sote tunamjua yule jamaa anayekaa wiki nzima akibadilisha rangi na herufi za kihariri chake, na hajaandika hata mistari kumi ya programu. Wapo wapiga filimbi wa aina yake, wana filimbi 15 zilizorekebishwa na nyimbo mbili. Dawa ya mtu huyo si kumnyang'anya wembe, ni kumwekea utaratibu, na nitautaja.

Hoja ya pili: mbona wapigaji wakubwa wa Ireland wamepiga filimbi za kiwandani miaka yote? Ni kweli, wamezipiga. Lakini waulize wapigaji wa muda mrefu wakueleze walivyozipata. Wengi watakwambia walijaribu nyingi mpaka wakakutana na moja nzuri, na hawaiachi. Kuchagua moja kati ya kumi nako ni kurekebisha, ila unarekebisha kwa kutupa tisa. Mwenye duka la ala karibu naye anaweza. Aliyeagiza filimbi moja kutoka ng'ambo, akaingoja wiki tatu na kulipa ushuru, atachagua nini na nini?

Hoja ya tatu: za kutengenezwa kwa mkono ni bora, kwa nini kupoteza muda? Mara nyingi ni bora, sikatai. Bernard Overton, Mwingereza, alipomtengenezea Finbar Furey filimbi kubwa ya aluminiamu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilizaliwa sauti nzito ambayo viwanda vya filimbi za peni havikuwa vimeitoa. Ubunifu mkubwa mara nyingi hutoka kwa fundi. Lakini filimbi ya dola 200 si jibu kwa mtoto wa Kitui, na mimi naongea juu ya filimbi ambayo mtoto huyo anaweza kuipata.

Utaratibu ninaopendekeza

Hapa ndipo kazi yetu ya tarakilishi inafaa kitu.

Kwanza, hakikisha kasoro ni ya filimbi. Noti ya chini inavunjika na kurukia juu? Angalia vidole. Kwa anayeanza, tundu lisilozibwa vizuri ndilo mkosaji mara nyingi. Puliza taratibu zaidi. Mpe mtu mwingine anayejua aipige. Ikimsumbua na yeye, sasa una kesi.

Pili, ipige wiki nne kabla ya kuigusa. Nusu ya malalamiko huisha yenyewe, na yale yatakayobaki utayajua kwa majina.

Tatu, badiliko moja kwa wakati mmoja. Ukiziba uvungu, ukilegeza kichwa na kupitisha msasa jioni moja, filimbi ikiharibika hutajua ni lipi limeiharibu. Ikipona pia hutajua, na hilo ni baya vile vile.

Nne, anza na yanayorudishika. Tepu kabla ya tupa, daima. Na ukifika kwenye wembe, pitisha kidogo, jaribu, pitisha tena. Filimbi haina nakala ya akiba.

Tano, andika ulichofanya. Rekodi sauti kwa simu kabla na baada, noti zile zile, chumba kile kile. Masikio yako yana upendeleo kwa kazi ya mikono yako. Simu haina.

Hili linatuhusu nini?

Utauliza, filimbi ya bati yenyewe huku kwetu ni ya kutafuta kwa tochi, kwa nini maneno yote haya?

Kwa sababu ya rekoda. Mtaala wa umilisi ulipofika Gredi ya 4 mwaka 2020, wazazi wengi wa Kenya walijikuta wakinunua rekoda za plastiki za watoto. Rekoda na filimbi ya bati ni binamu: mfereji ule ule, dirisha lile lile, makali yale yale, kalibu zile zile zinazochakaa. Na nyingi ya zile zinazouzwa barabarani hazikupata hata dakika moja ya mkono wa mtu.

Sasa mfikirie mtoto wa miaka tisa. Wenzake arobaini wanapuliza, yeye yake inapiga kelele kama breki za matatu. Mwalimu, ambaye ana watoto hao wote na vipindi vichache, anamwambia apulize vizuri. Anapuliza vizuri. Inapiga kelele. Mtoto wa umri huo hajui habari za kalibu na vinyuzi vya plastiki. Anajua jambo moja tu: wengine wanaweza, yeye hawezi. Anaiweka chini, na kuna watu wazima wenye miaka 50 wanaosema "mimi muziki sina" kwa sababu ya jambo la aina hiyo.

Hilo ndilo linaloniuma. Tunawafundisha watoto, na sisi wenyewe, kwamba kitu kilichotoka kiwandani kiko sahihi na mtu ndiye mwenye kasoro. Tunafanya hivyo kwa filimbi, tunafanya hivyo kwa programu. Mara ngapi mama mtu mzima amekwambia "mimi sijui simu", kumbe aliyeunda ile programu ndiye aliyeficha kitufe?

Kinyume chake pia ni hatari: kumfundisha mtoto kulaumu kifaa kila mara. Ndiyo maana utaratibu ule ni muhimu. Jaribu vidole, jaribu pumzi, badilishana na mwenzako, kisha chungulia ndani ya kichwa. Mtoto anayejifunza hatua hizo kwa rekoda ya shilingi mia chache amejifunza kutafuta kasoro kwa akili, na hilo litamfaa hata kama hatapiga tena noti moja maishani.

Na mwalimu anahitaji nini? Wembe mmoja (uwe mkononi mwake, si mkononi mwa watoto), kipande cha msasa laini, selotepu, sabuni, na saa moja ya Ijumaa. Kwa dakika chache kwa kila rekoda, darasa litalia tofauti. Maarifa haya wapigaji wa ng'ambo wamekuwa wakigawana bure kwa miaka mingi, kama vile watu wa programu huria wanavyogawana viraka. Kwa Kiswahili bado ni haba. Basi anayejua na aandike, kwa lugha ambayo mwalimu wa Kitui na fundi wa Kamukunji wataisoma bila kamusi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huo. Kiwanda kimetusaidia kwa kushusha bei, nacho kistahili shukrani. Fundi anayerekebisha anastahili malipo. Lakini dakika kumi za mwisho ni zetu kila tunapoweza, kwa sababu atakayezitumia vizuri ataijua ala yake kwa namna ambayo aliyelipa dola 200 huenda asiijue kamwe.

Haya, nendeni mkachungulie rekoda za watoto wenu. Uvungu uko pale chini ya mfereji.